Mlango Mmoja wa Vyuo Vyote: Jinsi Maombi ya KUCCPS Yanavyofanya Kazi

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, shangwe na huzuni hudumu siku chache tu. Baada ya hapo swali moja hubaki katika kila boma lenye mtahiniwa: mtoto ataenda wapi? Kwa familia nyingi nchini, jibu hupitia mlango mmoja, yaani tovuti ya Idara ya Kuratibu Usajili wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Vyuo Anuwai, inayojulikana na wengi kama KUCCPS.

Mlango huo hufunguliwa kwa muda mfupi, kisha hufungwa. Anayeuelewa mapema hupata nafasi ya kupima, kuuliza na kuchagua. Asiyeuelewa huishia kukimbilia saiba siku ya mwisho, akiwa na karatasi ya matokeo mkononi na foleni nyuma yake, na kumwachia mtu asiyemjua uamuzi ambao mtoto ataishi nao kwa miaka mingi. Makala hii inaeleza mfumo huo hatua kwa hatua, ili mzazi au mlezi aweze kukaa na mtoto wake na kuzungumza naye akiwa na ufahamu.

Ulikotoka mfumo huu

Kwa miaka mingi kazi ya kuwachagua wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali ilifanywa na Bodi ya Pamoja ya Usajili, JAB, iliyoendeshwa na vyuo vikuu vya umma vyenyewe. Idadi ya waliochukuliwa ilitegemea sana idadi ya vitanda vilivyokuwa kwenye mabweni. Kwa hivyo wengi waliokuwa wamefikisha gredi ya kujiunga na chuo kikuu, C+, waliachwa nje.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilibadilisha utaratibu huo. Iliunda KUCCPS na kuipa jukumu pana zaidi: kuratibu nafasi za vyuo vikuu pamoja na vyuo vya kadiri, kuwapa wanafunzi habari kuhusu kozi na gharama zake, na kuhakikisha kuna usawa katika ugavi wa nafasi hizo. Tangu mwaka 2016, wanafunzi wanaopitia mfumo huu wamekuwa wakipelekwa pia katika vyuo vikuu vya kibinafsi.

Maana yake kwa mzazi ni hii: badala ya kutuma barua na ada kwa chuo kimoja kimoja, mtoto hujaza ombi moja, akaorodhesha kozi anazozitaka na vyuo vinavyozifundisha. Mfumo ndio unaolinganisha maombi ya nchi nzima na kumpa kila mmoja nafasi moja.

Si wa wenye C+ pekee

Dhana iliyozoeleka sana mashinani ni kwamba KUCCPS ni ya wale waliofaulu kwenda chuo kikuu. Dhana hiyo huwafungia watoto wengi nyumbani bila sababu. Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, ambao ni kama robo ya waliofanya mtihani. Robo tatu waliobaki nao wana haki ya kuingia kwenye mfumo uo huo.

Viwango vya chini vya kuingilia ni hivi:

- Kozi za shahada: gredi ya wastani ya C+.
- Kozi za diploma: C-.
- Kozi za cheti: D.
- Kozi za ufundi za kiwango cha mwanzo: D- na hata E.

Katika vyuo vya kiufundi, mzazi atakutana na maneno kama Kiwango cha 6, Kiwango cha 5 na Kiwango cha 4. Asitishwe nayo. Kiwango cha 6 ni sawa na diploma, Kiwango cha 5 ni cheti, na Kiwango cha 4 ni ile kozi ya ufundi ya mwanzo. Mwanafunzi aliyeanzia chini anaweza kupanda ngazi hizo moja baada ya nyingine. Kwa hivyo E kwenye karatasi haimaanishi kwamba njia imefungwa. Inamaanisha kwamba safari inaanzia mahali pengine.

Tangu mwaka 2023, maombi ya kujiunga na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, nayo hupitia KUCCPS. Hapa familia nyingi hujikwaa, kwa sababu kozi za afya zina masharti yake mbali na gredi ya diploma ya kawaida. Diploma ya uuguzi, kwa mfano, huhitaji wastani wa C, si C-, pamoja na gredi maalum katika masomo fulani. Kozi za ualimu wa shule za msingi pia huhitaji wastani wa C. Masharti hayo huonyeshwa chini ya kila kozi kwenye tovuti.

Kuna taasisi moja ambayo wazazi huichanganya na hizi: vituo vya mafunzo ya ufundi vilivyo mashinani, ambavyo wengi bado huviita polteknik za vijiji. Kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, vituo hivyo viko chini ya serikali za kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Kwa kawaida mtu hujisajili moja kwa moja kwenye kituo chenyewe, na si lazima awe amefanya KCSE. Vyuo vikuu, vyuo vya kiufundi na polteknik za kitaifa, kama zile za Kisumu, Eldoret, Nyeri na Meru, viko chini ya serikali ya kitaifa.

Kuingia kwenye tovuti

Ili kuingia kwenye ukurasa wa maombi, mwanafunzi huhitaji vitu vitatu: nambari yake ya mtihani wa KCSE yenye tarakimu 11, mwaka aliofanya mtihani huo, na nywila, yaani neno la siri. Mara ya kwanza, nywila huwa ni nambari ya cheti chake cha kuzaliwa au nambari yake ya mtihani wa KCPE, kutegemea ile shule iliyotumia ilipokuwa ikimsajili kwa KCSE.

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito. Baadhi ya wanafunzi hujaribu nambari ya cheti cha kuzaliwa mara kumi ikakataa, wakadhani wamefungiwa. Mara nyingi tatizo ni kwamba tarakimu moja ilikosewa wakati wa usajili, au cheti kilichoko nyumbani kilitolewa upya na kina nambari tofauti. Mahali pa kwanza pa kuuliza ni shule alikofanyia mtihani, kwa kuwa rekodi ya usajili iko huko. Ni vyema jambo hili lichunguzwe kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, si siku mbili kabla halijafungwa.

Mwanafunzi akishaingia, abadilishe nywila na aweke nambari ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Akiweka ya mhudumu wa saiba au ya jirani, ujumbe wote utaenda kwa mtu huyo, na siku akihitaji kurejesha nywila iliyosahaulika atalazimika kumtafuta.

Pointi za klasta: mbona wenye gredi sawa hawapati kozi sawa?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na ndilo huzua manung'uniko mengi. Mzazi huona mtoto wa jirani mwenye B- kama wake amepata uhandisi, wake akakosa, akahisi kuna njama. Mara nyingi hakuna njama. Kuna pointi za klasta.

Kila gredi ya somo ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kuendelea hadi E ambayo ni 1. Gredi ya wastani hutokana na masomo saba, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Tangu KCSE ya mwaka 2023, masomo hayo saba ni hisabati, lugha moja, na mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi.

Lakini chuo kinachofunza uhandisi hakitaki kujua tu kama mtoto ni mwerevu kwa jumla. Kinataka kujua uwezo wake katika masomo yanayohusika na kozi hiyo. Kwa sababu hiyo kozi zimepangwa katika makundi yanayoitwa klasta, na kila klasta ina masomo manne yanayotazamwa. Jumla ya juu ya masomo manne ni pointi 48. Pointi za klasta huunganisha mambo mawili: alama za masomo hayo manne, na jumla ya pointi za masomo yote saba.

Chukua mfano wa watahiniwa wawili wenye jumla ya pointi 56, yaani B-, waliofanya masomo yale yale saba.

Wa kwanza alipata B+ katika hisabati na fizikia, B katika kemia na biolojia, na C katika Kiingereza, Kiswahili na jiografia. Katika masomo manne ya uhandisi ana pointi 38 kati ya 48.

Wa pili alipata C+ katika hisabati, fizikia, kemia na biolojia, B+ katika Kiingereza na Kiswahili, na B- katika jiografia. Katika masomo yale yale manne ana pointi 28.

Walimu wengi hukadiria pointi za klasta hivi: huchukua pointi za masomo manne na kuzigawanya kwa 48, huchukua jumla ya pointi na kuigawanya kwa 84, huzidisha majibu hayo mawili, hutafuta kipeuo cha pili, kisha huzidisha kwa 48. Kwa hesabu hiyo, wa kwanza ana takriban 34.9 na wa pili takriban 29.9. Gredi yao ni moja, lakini kwenye foleni ya uhandisi wametengana kwa pointi tano. Katika kozi ambako watu hupishana kwa sehemu ndogo ya pointi moja, huo ni mwendo mrefu.

Hata hivyo, wa pili si mtoto aliyeshindwa. Akigeukia klasta inayotazama lugha, huenda yeye ndiye atakayekuwa mbele. Hakuna haja ya familia kujisumbua na hesabu, kwa kuwa tovuti humwonyesha kila mwanafunzi pointi zake halisi kwa kila kozi. Ukadiriaji ni wa kusaidia mazungumzo tu. Pointi zinazotumika ni zile za mfumo wenyewe.

Masharti mawili, si moja

Pointi za klasta pekee hazitoshi. Kozi nyingi zina gredi ya chini kwa somo mahususi. Anayetaka kusomea ualimu wa shule ya upili, kwa mfano, anahitaji angalau C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Aliye na wastani wa B lakini akapata C katika somo analotaka kufundisha, hatakubaliwa kwa somo hilo hata kama pointi zake ni nyingi.

Kwa kozi za taaluma zinazosimamiwa na bodi maalum, kama vile uhandisi, ni busara pia kuuliza kama kozi ya chuo kile imetambuliwa na bodi husika. Kusoma miaka mitano kisha kukatazwa kusajiliwa kuwa mhandisi ni hasara ambayo hakuna marekebisho ya KUCCPS yanayoweza kuifuta.

Nafasi hugawanywaje?

Kila chuo hutangaza idadi ya nafasi kilizo nazo kwa kila kozi. Waombaji wa kozi hiyo hupangwa kwa foleni kuanzia mwenye pointi nyingi za klasta hadi mwenye chache. Nafasi zikiwa 60, wale wanaostahili kwa mpangilio huo huzichukua hadi zinapokwisha. Pointi za mtu wa mwisho kuingia ndizo huitwa kikomo cha kozi hiyo kwa mwaka huo.

Hapo panatokea mambo mawili ambayo kila familia inapaswa kuyakumbuka. Kwanza, kikomo kinachoonekana kwenye tovuti wakati wa kuomba ni cha mwaka uliopita. Hakuna aliyekipanga kwa mwaka huu, na hakuna anayekijua mpaka foleni itakapokamilika. Waombaji wakiongezeka, hupanda. Wakipungua, hushuka. Pili, kozi moja huwa na vikomo tofauti katika vyuo tofauti. Kozi iliyo na ushindani mkali jijini Nairobi inaweza kuwa na nafasi katika chuo cha mji mwingine, na shahada ikawa ni ile ile.

Mwanafunzi akikosa chaguo lake la kwanza, mfumo hutazama la pili, kisha la tatu, na kuendelea hivyo. Ndiyo maana mpangilio wa chaguo una maana. Chaguo la kwanza liwe ndilo mtoto analolitaka kwa dhati, na lile la mwisho liwe ni kozi ambayo yuko tayari kuisoma na ana uwezekano mzuri wa kuipata.

Makosa mawili hurudiwa mwaka baada ya mwaka. La kwanza ni kujaza nafasi zote kwa kozi moja yenye ushindani, kama vile udaktari, katika vyuo vinavyokimbiliwa na kila mtu, hali pointi za mtoto ziko chini ya vikomo vyote vya mwaka uliopita. La pili ni kujaza nafasi za mwisho ovyo ili fomu ikamilike. Mfumo haujui kwamba mtoto alikuwa akijaza pengo. Ukimpa kozi hiyo, ndiyo nafasi yake.

Ada, saiba na matapeli

Katika miaka ya karibuni, ada ya ombi la kwanza imekuwa Sh1,500. Hulipwa kupitia eCitizen, kwa nambari ya Paybill ya serikali 222222, baada ya tovuti kutoa nambari ya kumbukumbu ya malipo ya mwanafunzi huyo. Pesa hazilipwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, wala hazipelekwi kwa mkono. Kiasi halisi cha kila awamu hutangazwa na KUCCPS na huonekana kwenye ukurasa wa mwanafunzi.

Hakuna ubaya kutumia saiba. Wengi hawana kompyuta nyumbani na mhudumu mwaminifu huokoa muda. Ubaya ni kwenda huko bila uamuzi. Mhudumu mwenye watu ishirini kwenye foleni hana muda wa kujadili maisha ya mtoto, na atajaza kozi anazozijua au zile alizomjazia mteja aliyetangulia. Mwanafunzi afike na orodha iliyoandikwa kwenye karatasi: jina la kozi, jina la chuo na nambari ya kozi kwa mpangilio. Yeye mwenyewe aandike nywila, asome kila chaguo kwenye skrini kabla ya kuwasilisha, achapishe au apige picha ukurasa wa mwisho, kisha atoke kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka.

Nywila ina thamani kama PIN ya M-Pesa. Aliye nayo anaweza kubadilisha chaguo za mtoto dirisha likiwa bado wazi, na mtoto asijue hadi matokeo yatoke.

Ama wale wanaopiga simu wakidai wanajua mtu ndani ya KUCCPS, au kwamba wanaweza kumwongezea mtoto pointi au kumpa kozi ya udaktari kwa malipo fulani, hao ni matapeli. Nafasi hugawanywa na mfumo kwa kufuata pointi. Mzazi akishalipa pesa kwa mtu wa aina hiyo, hana risiti ya kumrudishia. Mahali pa kupeleka habari kama hiyo ni kituo cha polisi kilicho karibu.

Dirisha la pili na uhamisho

Ombi la kwanza si mwisho wa safari. Baada ya kupanga waombaji wa awamu ya kwanza, KUCCPS kwa kawaida hufungua dirisha la marekebisho. Wakati huo mwanafunzi aliyekosa chaguo zake zote anaweza kuchagua upya miongoni mwa kozi ambazo bado zina nafasi. Watoto wengi hupotea hapa. Husikia kwamba hawakupata, hukata tamaa, na hawaingii tena kwenye tovuti. Mzazi asipofuatilia, mwaka mzima hupita.

Aliyekwisha kupangiwa chuo lakini ana sababu ya kutaka kingine anaweza kuomba uhamisho KUCCPS inapotangaza muda wake. Uhamisho hutegemea kama chuo anachokitaka kina nafasi na kama pointi zake zinafikia kikomo cha kozi huko. Haufanywi kwa barua ya chifu wala kwa kujitokeza chuoni siku ya usajili.

Watahiniwa wa miaka ya nyuma nao wasijione wameachwa. KUCCPS huwaalika mara kwa mara kuomba kozi za vyuo vya kiufundi, kwa masharti yanayotajwa katika tangazo la kila awamu.

Nafasi ni ombi moja, pesa ni ombi lingine

Pengine hili ndilo jambo lenye gharama kubwa kwa familia isiyolijua. Kupata nafasi kupitia KUCCPS hakumaanishi kwamba karo imelipwa. Ufadhili huombwa kando, katika tovuti nyingine, hef.co.ke, inayohusisha Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, pamoja na Hazina ya Vyuo Vikuu.

Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, msaada una sehemu mbili: ufadhili usiorudishwa na mkopo unaorudishwa. Kiasi cha kila mmoja hutegemea hali ya familia, inayopimwa kwa maswali ambayo mwanafunzi hujibu kwenye ombi. Katika mgao wa madaraja matano uliotumika mwaka 2024, familia ya daraja la kwanza, yenye kipato kidogo zaidi, ilitarajiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, na familia ya daraja la tano asilimia 40. Mfumo huu umejadiliwa sana, hata mahakamani, na viwango vyake vinaweza kubadilika. Familia ifuate tangazo la mwaka ambao mtoto anajiunga.

Mambo manne hayana budi kukumbukwa:

- Asiyeomba hapewi. Hakuna anayepimwa hali yake bila kujaza ombi, hata akiwa yatima.
- Ufadhili usiorudishwa hutolewa kwa waliopangiwa vyuo vya umma. Aliyechagua chuo kikuu cha kibinafsi kupitia KUCCPS anaweza kuomba mkopo, lakini sehemu iliyobaki ni ya familia. Hili litazamwe kabla ya chuo hicho kuwekwa kwenye orodha.
- Majibu yawe ya kweli na yawe na vyeti vya kuyathibitisha. Aliyefiwa na mzazi aandae cheti cha kifo. Simu inayotumika iwe imesajiliwa kwa jina la mwanafunzi.
- Anayehisi kwamba amewekwa kwenye daraja lisilolingana na hali ya nyumbani akate rufaa kupitia tovuti hiyo hiyo.

Msaada kuhusu mikopo unapatikana pia katika vituo vya Huduma Centre. Basari za wadi na zile za hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, ni maombi mengine tena, kila moja likiwa na fomu na tarehe zake, na hazijazwi ndani ya KUCCPS.

Tena, gharama haiishi kwenye karo. Mtoto aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, Maseno karibu na Kisumu au Dedan Kimathi huko Nyeri atahitaji nauli, chumba na chakula. Kozi ile ile iliyo karibu na nyumbani inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kumaliza masomo na kuyaacha njiani. Hilo si sababu ya kumnyima mtoto ndoto yake, bali ni jambo la kusemwa waziwazi mezani kabla ya orodha kujazwa.

Kabla ya dirisha kufunguliwa

Kazi kubwa ya maombi hufanyika kabla ya mtu kugusa kompyuta. Familia yenye mtahiniwa inaweza kuanza na haya:

1. Kutafuta cheti cha kuzaliwa na kuhakikisha nambari yake ni ile shule iliyotumia kwenye usajili wa KCSE.
2. Mwanafunzi kuwa na laini ya simu kwa jina lake na barua pepe anayoweza kuifungua mwenyewe. Aliyetimiza miaka 18 achukue kitambulisho cha taifa mapema.
3. Kuketi pamoja, mzazi na mtoto, na kuandika kozi anazozipenda, masharti yake, na vikomo vya mwaka uliopita.
4. Kumhusisha mwalimu anayemfahamu mtoto, hasa yule wa somo linalohitajika kwenye kozi.
5. Kukadiria gharama ya kuishi huko chuo kiliko.
6. Kutenga ada ya maombi, ili isitafutwe kwa mkopo wa haraka siku ya mwisho.
7. Kufuata tarehe kutoka KUCCPS yenyewe, si kwa ujumbe uliosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Hadi wakati huo, kila mwaka kutakuwa na maelfu ya familia zinazosimama mbele ya mlango huu kwa mara ya kwanza, nyingi zikiwa hazina mtu mwingine ndani ya nyumba aliyewahi kuupitia. Mzazi asiyejua kutumia kompyuta bado ana kazi ya kufanya: kumuuliza mtoto ni kozi gani ameorodhesha, kwa nini ameipa nafasi hiyo, na nani anayeijua nywila yake. Mtoto akiweza kujibu maswali hayo matatu bila kusita, yuko tayari kuwasilisha ombi lake.